Pindo la Mlima

Wifi yangu alitukabidhi ufunguo kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akanyoosha kidole bondeni.

"Unayaona yale matofali, kaka?" alimwuliza mume wangu.

Mwisho kabisa wa mteremko, shamba linapoishia, kulikuwa na uwanja uliosawazishwa, na juu yake matofali mabichi yamepangwa safu kwa safu yakikauka. Katikati yake mwanamke mmoja alikuwa ameinama. Hakuinua hata kichwa kutazama wageni.

"Nayaona, dada."

"Mtu niliyempa nyumba hii kabla yenu aliacha udongo ukashuka na mvua ya kwanza, ukayafunika yote. Yule mama akanichamba mbele ya watu, na mimi, pamoja na mdomo wangu huu, nikakosa la kujibu. Sasa ninyi ni damu yangu, kaeni bure. Lakini chimbeni mitaro kabla ya mvua. Jumapili ya kwanza baada ya mvua kunyesha nitakuja. Sitaanzia kwenu, nitaanzia kwake. Nikikuta udongo wa huku juu umeshuka, naye akilalamika, mnafungasha siku hiyo hiyo. Siwezi kuchambwa mara mbili kwa kosa moja."

Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Ana miaka sitini na minane, lakini mbele ya dada yake hubaki na sita.

Wa kurudi mjini angerudi wapi? Nyumba tuliyopanga miaka yote, chumba nyuma na cherehani barazani, ilibomolewa kupisha barabara. Mara ya mwisho nilipopita, katapila lilikuwa limeegeshwa pale pale nilipozoea kubandika chai. Kwa hiyo wifi aliposema kufungasha, mimi niliuangalia ule ufunguo nikaona bora nilale nao chini ya mto.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya bati, na mlango wa mbele ulioshuka bawaba, uliokwaruza sakafu mpaka ukaichora nusu duara. Cherehani tukaiweka chini ya dirisha. Pembeni yake tukaweka magunia mawili ya vipande vya vitambaa, maana mume wangu hatupi kipande hata kiwe na upana wa kidole. Watu wote humwita Fundi. Hata mimi namwita Fundi, isipokuwa nikiwa nimemkasirikia. Hapo humwita "mume wangu," naye hutafuta kofia yake na kutoka.

Mishono ya Fundi imenyooka. Hilo hata adui yake atakwambia. Mjini walisema suruali yake ukiivua unaweza kuitumia kama rula. Basi shamba nalo akaliingia kama anaingia kwenye kitambaa: futi kamba shingoni, chaki sikioni, kibunda cha uzi mkononi. Akafunga uzi kwenye kijiti karibu na nyumba, akateremka nao mpaka chini, akauvuta, akapiga goti, akafumba jicho moja.

"Maji yanataka kushuka," akanieleza. "Sisi tuyape njia nzuri ya kushuka, yasihangaike. Tunayapigia marinda."

Tukachimba wiki tatu. Mitaro saba, yote imenyooka kutoka juu mpaka chini, na nafasi kati ya mmoja na mwenzake haikupungua wala kuzidi inchi. Mikono yangu iliyozoea kutia vifungo ikatoa malengelenge, yakapasuka, yakaota mengine juu yake. Siku tuliyomaliza, ule mlima ulikuwa kama sketi ya mwanafunzi siku ya kwanza ya muhula. Nikamsifu Fundi kwa moyo wangu wote. Mimi wa vifungo na pasi, mlima ningeujulia wapi?

Siku hiyo hiyo yule jirani wa chini akapanda kuja kwetu. Miguu ilikuwa imejaa tope mpaka magotini, na viganja vyake vipana kama mabeleshi. Mimi nilikuwa nimeshambandika jina, Mama Matofali, kimya kimya nikicheka peke yangu. Baadaye nikaja kujua watu wote humwita hivyo hivyo, utundu wangu ukaenda bure.

Hakufika mlangoni. Alisimama kwenye mtaro wa nne, akautazama juu, akautazama chini.

"Nani kachimba huu?"

"Mimi," Fundi akasema, kifua mbele.

"Umenyooka."

"Ahsante."

"Sikukusifu, mzee. Umenichimbia mito saba na yote inakuja kwangu. Mvua ikinyesha nitafute mtumbwi?"

Fundi akatoa lile tabasamu lake la kumpokea mteja anayedai suruali inabana, hali amenenepa mwenyewe. "Mama, wewe fyatua matofali. Mistari niachie mimi."

"Haya. Bahati nzuri namba ya simu ya dada yako ninayo." Akageuka, akashuka zake.

"Wivu," Fundi akaniambia.

"Wa nini?"

"Wa mistari."

Tangu siku hiyo mawingu yakaanza kujikusanya ng'ambo ya bonde. Kila alasiri yalisogea karibu kidogo, yakanguruma, kisha yakaondoka, kama mteja anayepita kuulizia nguo yake. Mimi maneno ya Mama Matofali yalikuwa yameniingia kama kibanzi kidoleni. Nikifagia nayasikia. Nikichota maji nayasikia.

Jumanne Fundi alikwenda kutafuta mpini wa jembe. Nikaona niyamalize. Nikajaza ndoo, nikaipeleka mpaka kwenye kichwa cha mtaro wa nne, nikaimwaga. Nione tu.

Maji hayakusimama hata kusalimia. Yalishika ule mtaro ulionyooka yakaondoka mbio, yakibadilika rangi kadiri yanavyokwenda, meupe, ya chai, ya kahawia, na mimi nikiyafukuza na magoti yangu mabovu, khanga mkononi, nikisema "Simameni! Simameni!" kana kwamba nayo yana masikio. Nilipofika chini yalikuwa yameshajipenyeza chini ya safu ya mwisho ya matofali. Tofali la kwanza likainama taratibu kama mtu anayesinzia. La pili likaliegemea. La nne lilimeguka kama biskuti kwenye chai.

Ndoo moja tu. Nikatazama juu, nikaliona wingu lilivyobeba, tumbo lake jeusi. Mle ndani kulikuwa na ndoo ngapi?

Uwanjani hapakuwa na mtu. Nikaokota ndoo yangu nikapanda mbio. Sijisifii, nasimulia tu.

Fundi alikuwa amesharudi, na chai haijachemka, tuliposikia hodi isiyosubiri karibu.

"Kuna kitu kimelowesha matofali yangu," Mama Matofali alisema mlangoni.

"Maskini!" Nikajitia hamnazo. "Itakuwa mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Si wapo, wanapitapita."

"Matofali manne, bibi! Na mkojo wenyewe nimeufuata kwa miguu yangu, umeanzia juu ya mtaro wenu wa nne. Mbuzi anayekojoa mteremko mzima bila kuvuta pumzi, huyo tumwitie daktari."

Ningecheka, lakini Fundi alikuwa ameshasimama. "Mama, mke wangu akisema mbuzi, ni mbuzi. Nimeishi naye miaka arobaini, hajawahi kunidanganya. Na mitaro yangu haina kosa."

Nikainama kuchochea moto wa chai, nisimtazame.

Mama Matofali alinitazama mimi, siyo yeye. "Mara ya kwanza nilingoja udongo unifunike ndipo nikasema," akasema. "Mara hii tone moja likiingia kwangu, dada yenu atasikia kwangu kabla hajavua viatu."

Jumatano nzima sikujua niingilie wapi. Kumwambia Fundi mitaro yake ni mibaya ilikuwa sawa na kumwambia mtu mzima meno yake si yake. Nikajaribu. "Fundi, hivi kama kweli maji..."

"Na wewe pia?" akasema, akatia mguu kwenye cherehani, akashona kitambaa kitupu kwenda na kurudi, bila nguo yoyote. Akishona hivyo, usimguse.

Alasiri ngurumo ikaja karibu mpaka vikombe vikatikisika. Hapo nikafungua begi langu, nikatoa sketi yangu ya mwavuli, ile aliyonishonea zamani, iliyokuwa imefumuka pindo. Ikaingia kwa tabu, kifungo kikakataa, nikashikiza kwa pini. Nikapanda juu ya kigoda.

"Fundi, nipimie pindo."

"Sasa hivi? Unakwenda wapi?"

"Hata kama siendi. Nipimie."

Mikono ya fundi haijui kununa. Akachukua ile fimbo yake ya kupimia, akaisimamisha sakafuni, akaanza kunizunguka akitia alama ya chaki kwenye sketi. "Geuka. Geuka kidogo. Simama wima, usijikunje."

"Mbona unapimia sakafuni? Si ungeanzia kiunoni, inchi kadhaa kushuka chini, ukaweka rula ukamaliza?"

Akanitazama kama nimemtukana mama yake. "Nikianzia kiunoni pindo litapanda nyuma. Hayo makalio yako yanakula kitambaa. Sketi ikilala mezani mstari utaonekana umepinda, lakini ukivaa unakuwa sawa pande zote. Sketi haipimwi juu yake yenyewe, inapimwa kutoka chini. Hata mwanafunzi wa wiki moja..."

Chaki ikasimama hewani.

"Na mlima nao," nikasema polepole, "hauna makalio?"

Akaenda mlangoni, akausukuma ule mlango unaokwaruza, akasimama akitazama marinda yake saba. Nilimwona akihesabu. Nilimwona akifuata kila mmoja kwa macho mpaka kwenye matofali. Mabega yakashuka.

"Tulitakiwa kukata kuzunguka," akasema. "Siyo kushuka. Kuzunguka, kama pindo, ili maji yakifika yakae." Kisha akageuka. "Lakini kwenye sketi nina sakafu. Huku sakafu iko wapi?"

"Maji yenyewe yakitulia ni sakafu. Wale waashi mjini, walipokuwa wanapima msingi, si walikuwa na ule mpira mwembamba unaoonyesha, wameujaza maji, mmoja huku mmoja kule?"

"Na mpira huo nani atakuwa nao hapa?"

Tukatazama bondeni kwa pamoja. Mtu anayefyatua matofali hakosi jamaa waashi.

Alhamisi asubuhi tukashuka. Mama Matofali alikuwa anaosha kibao chake cha kufyatulia. Mpira alikuwa nao, umening'inia kwenye ukuta wa kibanda nyuma yake, tunauona. Fundi akaeleza shida yetu, na nakuapia, alieleza kosa lake lote bila kubakiza hata uzi. Yule mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Nitawapa mpira, na nitawasaidia kuchimba, maana matofali ni yangu," akasema. "Lakini mtu sharti ajue anachimba na nani. Bibi, sema kwanza yule mbuzi alikuwa nani."

Fundi alikuwa kushoto kwangu, amevaa lile shati jeupe analovaa akitaka kuheshimiwa.

"Mbuzi ni mimi," nikasema. "Nilimwaga ndoo nione maji yataenda wapi. Yakaenda. Nikakimbia."

Hakuna aliyecheka. Fundi alinigeukia kidogo kidogo. "Na mimi nikakuapia," akasema. "Miaka arobaini, nikasema."

"Ulisema."

Nikaona hilo ndilo pigo langu na nitalibeba. Kisha akanyoosha mkono, akautungua mpira ukutani, na ncha moja akanipa mimi. "Shika. Na usitikise."

Tukapima. Fundi alitia alama mbili za chaki kwenye fimbo mbili, sawa kwa sawa. Mimi nasimama na ncha yangu, yeye anasogea hatua tano na ncha yake, anapanda kidogo, anashuka kidogo, mpaka maji yanasimama kwenye chaki huku na kule. Hapo Mama Matofali anapiga kigingi. Tena hatua tano. Nilipotazama nyuma, mstari wa vigingi ulikuwa umezunguka ubavu wa mlima umejipinda kama nyoka aliyeshiba, nikamwona Fundi anavyoumia kuutazama. Alizoea rula. Lakini maji kwenye mpira yalikuwa yametulia sawa, na maji hayakuwa na sababu ya kumpendelea mtu.

Tulichimba Alhamisi mpaka mikono ikagoma. Ijumaa tukaendelea. Kila tulipokutana na rinda la zamani tuliliziba kwa udongo na mawe, tukalishindilia. Saa sita tulikuwa tumevuka matano. Yamebaki mawili, na hayo mawili ndiyo yaliyoelekea katikati ya uwanja wa matofali.

Saa nane wingu halikunguruma. Lilikuja kimya. Upepo ukakata, ndege wakanyamaza, na tone la kwanza likanipiga shingoni zito kama kifungo cha koti.

"Chimba!" Mama Matofali akapiga kelele.

Mvua ikamwagika yote kwa pamoja. Kufumba na kufumbua sikuwaona wenzangu, nasikia tu jembe likila ardhi. Maji yakaanza kuteremka kwenye yale marinda mawili, kwanza kama uzi, kisha kama kamba.

Fundi akaacha jembe akakimbilia nyumbani. Nikadhani amekata tamaa. Akarudi ameburuta yale magunia mawili ya vitambaa, akiteleza, akianguka, akiinuka. Gunia moja akalitupa kwenye mtaro wa sita, la pili kwenye wa saba. Maji yakalisukuma lile la saba kama mto wa kulalia. Fundi akaruka ndani ya mtaro akalikalia.

"Kaa!" akaniambia.

"Nikae wapi?"

"Kwenye la sita! Si nilisema hayo makalio yanakula kitambaa? Leo yafanye kazi!"

Nikakaa. Sijawahi kukaa mahali pabaya kama pale. Maji ya baridi yalinipanda mgongoni, yakanifika mabegani, tope likiniingia kila linapoweza kuingia, na chini yangu nalisikia gunia likitaka kuondoka. Nikakita visigino nikajikaza kisabuni. Hatua kumi kutoka kwangu kilionekana kichwa cha Fundi tu, kofia imekwenda na maji. Na katikati yetu yule mwanamke akichimba. Hakuwa anachimba kama mtu, alikuwa anachimba kama amekasirikia dunia, jembe linapanda, linashuka, linapanda.

"Bado?" Fundi akaita.

"Bado!"

"Linaniponyoka!"

"Likiponyoka nitakufyatua tofali!"

Gunia la Fundi likasogea. Nikaona tope jekundu limemzunguka, limepita, linashuka kuelekea kwenye matofali. Nikafumba macho. Niliwaza ule ufunguo chini ya mto.

Kisha maji mgongoni kwangu yakapungua. Siyo ghafla, ni kama mtu aliyekuegemea anapoamua kuondoka. Nikafumbua macho. Mtaro ulikuwa umeunganika. Maji yalifika, yakapiga ukingo, yakageuka, yakajipanga kwenye ule mkunjo mrefu, huku na huku, yakatulia. Yakalala pale kama yaliyoitwa.

Mama Matofali akaketi chini kwenye mvua na kulia kwa kicheko, au kucheka kwa kilio, sikuweza kujua.

Lakini lililopita lilikuwa limepita. Jumamosi tulishuka kuangalia. Matofali yalikuwa yamesimama yote, ila safu mbili za mwisho zilikuwa zimevaa tope jekundu mpaka kifundo. Udongo wetu. Hata mtoto angeujua kwa rangi. Mama Matofali akautazama, akatutazama, akasema tu, "Kesho ni Jumapili."

Nilifunga mafurushi mawili. Fundi aliniona nikifunga, hakunizuia.

Jumapili wifi alifika asubuhi, na kama alivyoahidi, alipita nyumba yetu bila kugeuza shingo, akashuka kwenye matofali. Sisi tukasimama juu. Tulimwona anainama, anagusa lile tope kwa kidole. Tulimwona Mama Matofali ananyoosha mkono kuja juu. Kisha wifi akatuita kwa kiganja, mara moja. Sijui nilishukaje ule mlima.

"Huu udongo umetoka wapi?" wifi alikuwa anauliza tulipofika. "Nauliza kwa mara ya pili."

Mama Matofali alikuwa anaosha kibao chake, hana haraka. Alikigeuza. Akaosha upande wa pili.

"Mbuzi," akasema.

"Mbuzi?"

"Kuna mbuzi jike mzee hapo juu, msumbufu kweli. Jumanne alinilowesha matofali manne. Ijumaa mvua inanyesha, akaja akakaa mtaroni akavuruga tope."

"Wa nani?"

"Wa kaka yako."

Fundi alikuwa anachunguza kidole gumba cha mguu wake kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. Wifi alinitazama. Alitazama nguo yangu, na nadhani aliona tope ambalo halikutaka kutoka hata nilipofua mara mbili.

"Basi mfungeni," akasema hatimaye.

"Hapana, usimfunge," Mama Matofali akadakia. "Nitamchukua mimi kila Jumatatu anikanyagie udongo. Ana mguu mzuri."

Wifi akainua macho mlimani. "Na ule mtaro, kaka, wewe fundi mzima, mbona umepinda hivyo?"

Fundi akainua kichwa. Kwa mara ya kwanza mbele ya dada yake nilimwona ana miaka sitini na minane kamili.

"Haujapinda, dada," akasema. "Hata uzi mmoja."

Wifi akafungua mkoba wake, akapekua sana, akatoa ufunguo. Nyumba ile kumbe ilikuwa na funguo mbili, na wa pili alikuwa akitembea nao siku zote hizo. Akamtia kaka yake mkononi, akaomba maji ya kunywa.

Jumatatu asubuhi nilikuwa ndani ya shimo la tope mpaka magotini, sketi ya mwavuli nimeikunja kiunoni.

"Kanyaga, mbuzi," Mama Matofali akasema. "Bado kuna mabonge."

"Mee," nikamjibu, nikakanyaga.